Nembo Mbichi na Babu Asiyenyamaza

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kucheka, na dawa yake haijapatikana mpaka leo. Nimecheka matangani nikatolewa nje kwa kuvutwa sikio. Nimecheka siku jumbe alipokuja kutusomea amri za Wadachi, Bibi akanifinya paja likawa jeusi siku tatu. Kwa hiyo iliposemwa kwamba nimefikia umri wa kuchanjwa nembo usoni, watu wa kwetu Rutamba hawakuulizana kama nitastahimili kisu. Waliulizana kama nitastahimili siku saba za kuuguza.

Maana nembo ya uso huchanjwa asubuhi moja tu, lakini huuguzwa siku saba, na kazi yenyewe iko hapo. Siku hizo uso hautakiwi kutikisika. Hucheki, hulii, hutafuni, hupigi miayo. Chale zikiwa bado mbichi halafu wewe ukakenua meno, ngozi inavutika, gaga linapasuka, na mstari uliochanjwa umenyooka unapona umepinda. Haurekebishiki tena. Utaolewa nao, utazeeka nao, na utazikwa nao.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama. Mama alikuwa ameolewa mbali, huko Njinjo, na mimi niliachwa kwa Bibi tangu nilipoachishwa ziwa, kama ilivyokuwa kawaida. Bibi ndiye aliyekuwa fundi wa nembo wa upande wote ule. Nusu ya wanawake wa Rutamba walitembea na kazi ya mkono wake usoni, na walijivuna nayo hasa.

Wa tatu nyumbani alikuwa Babu, na Babu ndiye balaa lenyewe. Kwetu babu na mjukuu wake wa kike ni watani. Yeye aliniita mke wake mdogo, mimi nikamwita mume wangu kibogoyo, na Bibi akaniita mke mwenza. Mtani hanyamazishwi wala hakasirikiwi. Ukimkasirikia, watu wanakushangaa wewe. Sasa hebu fikiri: msichana mwenye ugonjwa wa kucheka, amekatazwa kucheka siku saba, na anakaa ua mmoja na mzee ambaye mdomo wake haujapata kupumzika tangu azaliwe.

Ingekuwa ni uso wangu peke yake nisingejali sana. Lakini msimu uliotangulia Bibi alimchanja binti wa jumbe, na mistari ikapona imepinda mashavu yote mawili, mtoto wa watu akawa kama amechorwa na kuku. Binti aliapa kwamba hakucheka wala hakujikuna. Mama yake, mke wa jumbe, mwanamke mwenye sauti, akazunguka nyumba kwa nyumba akisema yule bibi macho yamekwisha, mkono unatetemeka, asipewe tena mtoto wa mtu. Tangu hapo hakuna aliyekuja. Kisu cha Bibi kikalala ndani ya kibuyu chake, na yeye, mtu aliyekuwa haishi kuitwa huku na huku, akawa anashinda uani akipukuchua kunde, kimya.

Mimi nilikuwa nachemka. Nilimjibu mke wa jumbe kisimani, mbele ya watu, kwamba bibi yangu anaona mpaka mayai ya chawa. Nikaambiwa sina adabu. Nikasema sawa, sina, lakini uso wangu ndio utakaojibu. Mistari yangu ikipona imenyooka, Bibi atarudishiwa kazi yake na heshima yake. Ikipinda, basi tena, kile kisu hakitatoka kibuyuni maisha. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na ndoo zote pale kisimani zilisikia.

Alinichanja asubuhi jua likiwa bado jepesi, kwenye mkeka nje ya nyumba, kichwa changu kikiwa mapajani mwake. Kwanza alinipapasa uso mzima kwa dole gumba, polepole, akianzia kwenye mfupa wa shavu mpaka pembe ya mdomo, akarudi, akapima kwa vidole, akarudi tena. Ukucha wa dole gumba la kushoto alikuwa ameuacha mrefu. Aliukandamiza kwenye ngozi, kisha kisu kikapita ubavuni mwa ukucha. Mistari mitatu kila shavu, na mmoja katikati ya paji la uso. Nisikudanganye, iliuma. Lakini sikutoa sauti. Aliyepiga kelele alikuwa Babu, ambaye hawezi kuona damu na alikuwa amejificha nyuma ya nyumba. Kila kisu kilipopita, yeye huko alilia "Uuwi!" kwa niaba yangu.

Bibi alikuwa ameshachoma mbegu za mbarika na kuzisaga zikawa masizi meusi tii. Akayakoroga na mafuta ya mbegu hizohizo, akayasugua ndani ya chale. Hapo ndipo nilipoukwaruza mkeka kwa kucha.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akaniambia huku ananifuta. "Uso huu si wako mpaka siku ya nane. Ni wangu. Ukiwasha usiukune, niite nikupulizie. Ukiona njaa utakunywa uji. Na huyo mzee akifungua mdomo, wewe ziba masikio."

"Mimi nimefanya nini?" Babu akauliza kutoka nyuma ya nyumba.

Siku ya pili uso ukavimba. Jicho moja likafumba, midomo ikawa minene, mashavu yakameta kwa mafuta. Babu alipotoka asubuhi akasimama mbele yangu, akanitazama, akainama akanitazama kwa chini, halafu akamgeukia Bibi.

"Mke wangu mdogo yuko wapi? Jana nimeacha msichana hapa. Leo nakuta boga."

Akachukua jembe, akaja kulizunguka boga akitafuta shina lake limetokea wapi. Yarabi! Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, kikafika kooni. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Niliwahi kuwa na kitoto cha mbuzi, cheupe, nilichokilea mwenyewe, kikaliwa na chui ikabaki kamba tu. Kicheko kilipofika kooni nilimfikiria yule mbuzi na ile kamba, na kicheko kikarudi kilikotoka. Mbuzi yule alinifaa akiwa amekufa kuliko alivyonifaa akiwa hai.

Bibi aliniuguza kwa mikono yake mwenyewe, hakutaka mtu mwingine anisogelee. Asubuhi aliniweka juani kidogo, jua lile la mapema lisilounguza, chale zikauke. Kisha alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya mbarika akanipaka mstari baada ya mstari, akiufuata kwa kidole chake kimoja bila kuukandamiza. Aliinama akaninusa mashavu, maana kidonda kinachotaka kuoza hutanguliza harufu, akaniwekea mgongo wa mkono apime joto. Nzi aliwafukuza kwa usinga. Wakati wa kulala alinilaza chali na kuniwekea mafurushi mawili ya nguo kuume na kushoto, nisije nikageuka usingizini nikalalia shavu. Chakula changu kilikuwa uji mwepesi wa mtama, bila chumvi, bila kitoweo, nikiuvuta kwa bua la unyasi. Nilikonda. Lakini niseme ukweli wangu, sijapata tena kupendwa kwa namna ile, na nilimpenda Bibi siku zile mpaka nikatamani nivimbe mwezi mzima.

Siku ya tatu Babu alitangaza kwamba si haki mke wake mdogo anywe uji kwa bua peke yake. Akajitafutia bua lake, akakaa karibu yangu, akaliingiza kwenye bakuli lake. Badala ya kuvuta, akapuliza. Uji ukaruka ukamjaa puani na kwenye nyusi. Mimi mbio kwa mbuzi wangu: mbuzi, kamba, chui. Bibi akapiga kelele, "Wewe mzee, utaniharibia kazi! Unataka nikuhamishie porini?"

Babu akaona haya kweli. Siku ya nne akaapa kunyamaza, na hapo ndipo alipokaribia kuniua. Alitembea uani kwa ncha za vidole, jani la mgomba amelifunga mdomoni kwa kamba. Jogoo alipowika, Babu akamkimbilia akamwonyesha kidole cha onyo, akaligusa lile jani, akamwashiria anyamaze kama yeye. Chale nazo siku hiyo zilianza kuwasha, na anayejua mwasho wa chale zinazofunga anajua ninachosema. Ungetamani ujisugue kwenye ukuta wa udongo. Nilikuwa nawashwa, nimebanwa na kicheko, na mbuzi wangu nimemtumia siku nzima mpaka ameanza kuchakaa. Lakini nilishinda. Bibi alinipitishia vidole jioni, akasema mistari yote saba inalala sawasawa. Nikaanza kumwona mke wa jumbe kwa macho ya moyoni, anavyotafuta pa kuuficha uso wake.

Siku ya tano akaja askari.

Vita vya Maji Maji vilikuwa bado. Kilichokuwa kimekuja ni pamba. Akida wa upande wetu alikuwa amelimisha shamba kubwa la pamba la Serikali, na kila nyumba ilitakiwa kutoa watu wa kulima, kupalilia na kuchuma. Anayechelewa anafuatwa na askari. Waliosikia mapema walikimbilia porini, lakini mimi ningekimbiaje na uso ule, kwenye miiba na jasho? Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua kunde. Nikajifunika kaniki kichwa kizima, nikajikunyata kwenye mkeka. Babu akakaa palepale akisuka kikapu.

Askari aliingia uani, jitu refu, kofia kichwani, kiboko mkononi. "Nani huyo kajifunika?"

"Mjukuu wangu, bwana mkubwa," Babu akasema.

"Ainuke. Ana miguu, ana mikono, twende shamba."

Kutwa moja tu kule shambani, kuinama juani na vumbi na jasho la chumvi likichuruzika kwenye chale, basi, kazi yote ya Bibi imekwenda na maji. Nikamchungulia Babu kupitia upindo wa kaniki. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona amekosa neno. Halafu akaweka kikapu chini, akainuka, akasema kwa upole kabisa:

"Mchukue, bwana mkubwa. Mchukue tu. Ila usimshike kwa mkono. Mkokote kwa fimbo."

"Kwa nini?"

"Ah, si kitu," Babu akasema. "Ndui tu." Na papo hapo akanifunua kaniki.

Jamani, sijui nilionekanaje. Uso umevimba, mweusi kwa masizi, magaga kila mahali, jicho moja limefumba, mafuta yanang'aa juani. Askari alitoa macho. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili. Hatua ya tatu akakuta chungu kikubwa cha Bibi, ambamo mhogo ulikuwa umelowekwa tangu siku ile niliyochanjwa, na kila anayeloweka mhogo anaijua harufu ya siku ya tano. Akaketi ndani yake, chubwi! Rojo la mhogo likampanda mpaka kifuani. Akajaribu kuinuka, chungu kikainuka pamoja naye, kimemng'ang'ania makalio. Akazunguka nacho ua mzima mara mbili akipiga kelele kwa lugha ambayo hatukuijua, mpaka kikagonga kinu kikapasuka, na yeye akatimua mbio, mguu niponye, na mdomo wa chungu umemkaa kiunoni kama mkanda.

Hata hapo nilikuwa bado nimejikaza. Nilikuwa nimemshika mbuzi wangu kwa mikono miwili. Lakini Babu akatoka mpaka njiani akamwita kwa adabu zake zote: "Bwana mkubwa! Bwana mkubwa, mdomo wa chungu huo! Ni wa mke wangu!"

Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka, kwa mdomo wote, kwa mbavu zote, nikaanguka chali kwenye mkeka miguu juu. Nilisikia kitu kikichanika karibu na mdomo, na damu ya moto ikaniteremkia shingoni, na bado nikawa nacheka, huku nalia, maana nilijua nimefanya nini.

Bibi alikuja mbio akipapasa ukuta. "Umecheka?"

"Nimecheka, Bibi."

"Upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Nimekuuliza upande gani?"

Nikadhani amekasirika. "Kushoto, Bibi. Wa chini, karibu na mdomo."

Hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kama angenichapa. Aliniosha, akasugua masizi upya, akaubana mstari kwa vidole viwili mpaka damu ikakata. Babu alikaa mbali, ameshika tama, jani lake la mgomba amejifunga tena mdomoni bila kuambiwa na mtu.

Kisha Bibi akatuita wote wawili karibu. "Hili liishe hapahapa," akasema. "Askari akikosea mwenyewe, hilo ni kosa la askari. Mtu akimdanganya askari, hiyo ni hamsa ishirini. Na mgongo wenyewe ni huu." Akaugusa mgongo wa Babu, mifupa mitupu. Viboko ishirini na tano viliwalaza vijana mwezi mzima. Babu asingeinuka tena.

Tukanyamaza. Habari zikaenda kwamba kwetu kuna ndui, akida akaamuru njia yetu ifungwe kwa kamba ya majani, na mtu yeyote wa upande wetu asikanyage shamba la pamba mpaka ugonjwa uishe. Watu wakarudi kutoka porini wakapalilia mashamba yao wenyewe kwa raha zao. Walijua wazi kwamba nimechanjwa, wakadhani askari ameona nembo mbichi akakimbia kwa ujinga wake, na walimcheka sana. Kwamba mdomo wa Babu ulihusika, hawakujua.

Kwa sababu ya ile kamba, sikutolewa hadharani siku ya nane. Nilitolewa siku ya kumi na mbili, njia ilipofunguliwa. Asubuhi yake magaga ya mwisho yalikuwa yamedondoka yenyewe. Niliinamia bakuli la maji nikajitazama. Mistari sita ilikuwa imenyooka, myeusi, mizuri, nikajiona mtu. Wa saba, wa chini kushoto, ulikwenda vizuri mpaka karibu na mdomo, halafu ukajikunja. Nililia, sasa nilikuwa na ruhusa. Sikuulilia uso. Nilikililia kile kisu kwenye kibuyu.

Wanawake wakaja wakiimba. Niliogeshwa, nikapakwa mafuta, nikavikwa nguo mpya, nikaketishwa katikati ya ua. Bibi aliketi nyuma yangu kwenye kigoda, amenyooka. Babu alikuwa pembeni ya ua na kikapu chake. Wa kwanza kunisogelea, ungedhani nani? Mke wa jumbe. Akanishika kidevu, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto kwenye mwanga, na hapo akasimama.

"Haya," akasema, "tazameni wenyewe. Nilisema, mkasema nina kijicho. Mkono umetetemeka."

Bibi angeweza kujitetea, mtoto alicheka. Lakini wangeuliza, alicheka nini?

Mimi ni mtu wa hasira, siwezi kukaa nayo. Nikasimama. "Nilicheka! Mkono wa Bibi haukutetemeka. Mimi nilicheka."

"Ulicheka nini?"

"Nilicheka tu."

"Mtu hacheki tu," mke wa jumbe akasema. "Kutwa nzima ulituambia kisimani utajikaza. Binti yangu naye alisingiziwa hivyohivyo. Ulicheka nini? Sema, tusikie."

Huyu ndiye aliyelala nyumba moja na jumbe, na jumbe ndiye aliyempelekea akida kila habari. Nikisema, mgongo wa Babu. Nisiposema, mkono wa Bibi. Nilisimama pale na nguo yangu mpya, nimechanjwa kisu sikulia, na sasa machozi yananitoka kwa sababu ya ulimi. Wanawake wakaanza kutazamana. Mmoja akasema polepole, "Basi tena, bibi wa watu."

Babu akaweka kikapu chini.

Akainuka, akaokota fimbo akaiweka kwapani kama kiboko, akajipachika kikapu kidogo kichwani kama kofia, akaingia katikati ya ua kwa hatua za kijeshi. "Nani huyo kajifunika?" akanguruma kwa sauti ya askari. Kisha akaruka upande wa pili akawa yeye mwenyewe, ameinama, mikono kifuani. "Mchukue, bwana mkubwa. Ila usimshike kwa mkono."

Nilitaka kumziba mdomo. Nilisema, "Babu, basi! Babu!" Hakunisikiliza. Akamsogelea mke wa jumbe mwenyewe, akasimama mbele ya uso wake, akasema wazi, neno kwa neno, kila mtu asikie: "Si kitu. Ndui tu. Nilisema mimi. Kwa mdomo wangu huu."

Halafu akatoa macho, akarudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaketi kwenye kikapu kile kikubwa alichokuwa akikisuka. Akainuka nacho kimemkaa makalioni. Akazunguka ua, akawapita wanawake wakimpisha, akagonga kinu, akalia kwa lugha isiyojulikana, mzee wa watu, mifupa mitupu, akikimbia na kikapu.

Mmoja akapasuka kwa kicheko, akafuata wa pili. Mke wa jumbe alijikaza, nilimwona, mishipa ya shingo ilimsimama. Halafu akashindwa. Akashika mbavu, akakaa chini mavumbini na nguo zake nzuri, akalia machozi. Alipopata pumzi akajifuta uso, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Mzee huyu alikuwa anacheza ngoma. Au siyo, wenzangu?"

"Ngoma!" wakaitikia wote.

"Na kama mtoto alitazama mambo haya siku ya tano, na mistari sita ikabaki imenyooka, basi mkono uko palepale. Nina binti mwingine. Msimu ujao nitamleta."

Nikacheka na mimi, sasa kwa haki yangu, kwa mdomo wote. Mkono wa Bibi ukanijia kutoka nyuma. Ulinigusa bega, ukapanda shingoni, ukalifikia shavu, ukatulia pale likitikisika chini ya vidole vyake.

"Mjukuu wangu," akaninong'oneza, "anafanya nini huyo mzee?"

Nikageuka. Babu alikuwa ameshafika upande wa pili wa ua, bado ana kikapu chake. Bibi alikuwa anatazama pale penye kinu, mahali Babu alipokuwa amegonga, na anatabasamu kidogo, kama mtu anayewangoja wenzake wamwambie.

Nilikumbuka maneno yangu yote ya kisimani. Sikumuuliza haoni tangu lini. Nilijisogeza karibu na sikio lake, watu wasisikie, nikamwambia: "Amejifanya askari, Bibi. Kikapu kimemkaa makalioni. Anakimbia, kikapu kinaruka nyuma yake. Sasa kimedondoka. Amekiokota, amekivaa kichwani. Sasa amesimama, amekugeukia wewe, anakupigia saluti."

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, peke yake, wenzake wote walipokuwa wameshanyamaza.